Picha Zilizobaki Tumboni mwa Kamera

Wanawake wenzangu mnaotaka kumnunulia mtoto kamera, sikilizeni kwanza haya yaliyompata Stara wa Chang'ombe, halafu ndiyo mfungue pochi.

Siku hiyo Stara alisimama dukani kwa Geofrey, katikati ya mji wa Dodoma, mbele ya kabati la kioo lenye kamera ndogo ndogo. Binti yake Nasma alikuwa pembeni. Stara aliubana mkoba kwapani kama mtu aliyebeba kuku asiye wake. Ndani mlikuwa na pesa ya samaki. Mumewe, Swedi, hufuata perege bwawani Mtera akaja kuwauza sokoni, na safari ile aliporudi alimkabidhi mkewe akasema, "Mnunulieni mtoto kitu cha kazi. Mkikosea, msinitazame mimi, samaki hawajui kamera."

"Mnataka kamera ya nini?" Geofrey aliuliza.

"Ya kupigia picha," Stara alijibu.

"Zote zinapiga picha, mama. Nauliza picha za wapi. Za nje juani, au za ndani?"

"Za ndani," Nasma alisema. "Za shughuli za wanawake."

Geofrey alielewa. Chang'ombe, harusi ikiwa na shughuli ya wanawake, simu haziingii. Mlangoni anakaa mtu na beseni, kila anayepita anaacha simu yake humo, kwa sababu ndani mitandio inavuliwa, nywele zinaachwa wazi, mtu anacheza mpaka anajisahau. Picha moja ikitoka kwa simu ya mtu ikaingia kwenye magrupu, hakuna sabuni ya kuitakasa. Mpigapicha mwanaume hapiti hata kibarazani. Kwa hiyo akina mama wanatafuta binti mwenye kamera yenyewe, isiyo na intaneti, na shughuli ikiisha, kadi ya picha inatolewa kwenye kamera na kukabidhiwa mama wa bibi harusi mbele ya watu wote. Hapo kila mtu anarudi kwake na amani.

Nasma alimaliza kidato cha nne akakaa nyumbani. Sasa alikuwa amepata shughuli yake ya kwanza, ya Lulu, binti wa Bi Joha. Na Bi Joha, kwa wasiomjua, anauza vitenge na kupamba maharusi, na wanawake wa mtaa wanamsikiliza kuliko redio. Akisema huyu mtoto anajua kazi, Nasma angeitwa kila Jumamosi. Akisema hafai, basi mlango umefungwa, na ufunguo umetupwa.

Geofrey alitoa kamera tatu akazipanga juu ya kioo. Zote zilikuwa zimeshatumika ng'ambo. Ya kwanza ilikuwa nzuri kabisa, lakini Geofrey alipogusa kitufe ikatokea alama ya kutuma picha kwenye simu. Stara aliirudisha kwa kidole kimoja, kama mtu anayesukuma mende. Zikabaki mbili, bei yake moja, laki na themanini. Moja nyeusi, imechubuka pembeni. Nyingine rangi ya waridi, inang'aa.

"Kwa mtu anayeanza, mimi ningewapa hii nyeusi," Geofrey alisema. "Betri yake inachajiwa, na ndani ya chumba chenye mwanga mdogo haitii ukungu. Hii ya waridi inatumia betri za dukani, zile za redio. Inazila sana."

"Hizi namba za mbele ni za nini?" Stara aliuliza.

"Ni megapikseli, mama. Ukubwa wa picha. Nyeusi kumi na mbili, hii kumi na sita. Lakini hiyo namba isikusumbue, ni ya kuuzia tu. Kwa picha za kuweka kwenye albamu, hata nane—"

"Kumi na mbili na kumi na sita, ipi kubwa?"

"Kumi na sita."

"Na bei moja?"

"Bei moja."

"Basi tunabishana nini, baba?"

Nasma alimvuta mama yake kanga. "Mama, msikilize. Anasema betri."

"Betri kila kioski zipo. Chaja ikiharibika utaipata wapi? Na hiyo nyeusi imechubuka. Utaingia nayo kwa Bi Joha, watu waseme tumeokota." Stara akamgeukia Geofrey. "Hii ya waridi haina intaneti?"

"Haina."

"Haitumi picha popote?"

"Haitumi."

"Mtu akiibonyeza kwa bahati mbaya?"

"Mama, hata ukiikalia haitumi," Geofrey alisema, na Nasma akacheka akaficha mdomo. "Chukueni, mkatumie. Ikiwashinda, nirudishieni ndani ya wiki, nitawabadilishia."

Stara alilipa, na kadi mpya akainunua juu yake. Aliuliza sana kama kamera inatuma. Hakuuliza kama inaficha. Nani angeuliza swali kama hilo?

Asubuhi ya shughuli Stara aliamka na wasiwasi wake. Kile kikadi, kidogo kama ukucha wa dole gumba, kilikuwa kimemnyima raha tangu kinunuliwe. Je, kikidondoka? Je, watoto wa wapangaji wakikichezea? Alikitoa kwenye kamera akakifunga kwenye pindo la kanga, anapofunga pesa ya sokoni, akazunguka nacho nyumba nzima akiwa na amani. Walipokaribia kutoka alikifungua pindoni, akakirudisha mahali pake, akakisukuma mpaka kikaacha kuonekana, akafunga kile kimlango. Hakukisikia kikilia *tik*. Hakujua kwamba kinatakiwa kulia.

Kwa Bi Joha kulikuwa kumejaa. Simu zililala kwenye beseni kama samaki wa Swedi. Nasma aliitwa chumba cha ndani, kwanza kabisa, kumpiga picha Lulu akipambwa. Lulu alikuwa amekaa kwenye mkeka, nywele wazi mpaka mabegani, kanga imeishia kifuani, mikono imenyooshwa hina ikauke. Alikuwa akicheka na shangazi zake. Nasma alipiga, akapiga, halafu kamera ikakataa. Kwenye kioo ikaandika kwamba nafasi imejaa.

Kwa mshangao Nasma aliifungua, akaigusa kadi, ikaingia ndani zaidi na kulia *tik*. Aliiwasha tena ikakubali. Akashukuru Mungu akaendelea na kazi, maana bibi harusi alikuwa ameshasimama na vigelegele vimeanza.

Kilichofuata ni aibu ya betri. Shughuli haijafika nusu, kamera ikazima. Stara akatoka mbio kioski akaleta nyingine. Baada ya muda ikazima tena. Akatoka tena, kanga inamvuka, na wanawake wamepanga mstari kusubiri picha na bibi harusi.

"Mama Nasma," mmoja alimwambia kwa sauti ya kusikika, "hicho kitoto chako cha waridi kinanyonya vibaya. Kipeni uji."

Wakacheka. Stara naye akacheka, maana ungefanyaje. Lakini mwisho wa shughuli Nasma alitoa kadi mbele ya watu wote, akapiga goti, akamkabidhi Bi Joha kwa mikono miwili. Bi Joha aliipokea, akaitazama pande zote, akaitia kwenye pochi, akasema, "Umejitahidi, mwanangu." Kwa maneno hayo mawili Stara alilala siku hiyo kama mtu aliyelipwa mara mbili.

Jumatatu wakairudisha kamera ya waridi. Geofrey hakuwasimanga, na hilo nalitaja kwa sababu wapo wenye maduka wangewasimanga. Aliichukua, akawapa ile nyeusi. Stara akautazama ule mchubuko wake akaona hata haumsumbui tena.

Wiki ilipita. Bi Joha hana kompyuta, alikuwa akimngoja mpwa wake arudi kutoka Kondoa ndipo wazitazame picha pamoja, wao wanawake peke yao, mlango umefungwa. Siku waliyozitazama, hiyo hiyo alikuja nyumbani kwa Stara.

Hakuingia ndani. Alisimama uani, wapangaji wakifua, mmoja akimenya viazi.

"Karibu kiti, Mama Lulu," Stara alisema.

"Sikuja kukaa. Nasma yuko wapi?"

Nasma alitoka akasalimia, "Shikamoo, mama." Salamu ikabaki hewani bila mtu wa kuipokea.

"Picha za mwanangu za chumbani ziko wapi?"

"Zipo kwenye kadi, mama. Nilikukabidhi."

"Kwenye kadi yuko Lulu ameshavaa. Kuanzia anatoka mlangoni. Za mkekani, kichwa wazi, mabega wazi, hakuna hata moja. Na mimi nilipita pale mlangoni, nikakuona kwa macho yangu unapiga." Bi Joha hakupaza sauti, na hivyo ndivyo ilivyokuwa mbaya zaidi, kwa sababu wapangaji wote waliacha kufua ili wasikie. "Nauliza kwa wema. Ulikuwa na kadi ngapi?"

"Moja, mama. Wallahi moja."

"Niletee simu yako."

Nasma alimtazama mama yake. Stara alitikisa kichwa kuafiki. Simu ikaletwa, Bi Joha akaipekua picha moja moja, mpaka picha za paka. Kisha akaomba mkoba. Nasma akaumwaga mkoba wake wote juu ya benchi, vikadondoka kichana, wanja, pedi na kitambulisho, na mtoto wa mpangaji akasogea kutazama. Machozi yalikuwa yakimshuka binti bila sauti.

"Mama Lulu," Stara alisema, "mtoto wangu si mwizi wa picha."

"Sijasema mwizi. Nasema mwanangu ana mume tangu juzi, na picha zake akiwa hivyo ziko mahali nisipopajua. Ungekuwa wewe ungefanyaje?"

Stara alijua angefanya vile vile, au zaidi.

Ndipo Nasma, akiokota wanja chini, akaacha kuokota. "Kulikuwa na herufi," alisema. "Kwenye kioo, pembeni. Mwanzoni iliandika IN. Nilipoifungua nikaisukuma kadi, zile herufi zikaondoka. Kadi ilikuwa haijafika. Mama Lulu, hizo picha hazikwenda kwenye kadi. Zilikwenda kwenye kamera yenyewe."

"Kamera ina kadi nyingine?"

"Ina mahali pake pa kuweka. Padogo. Ndiyo maana ilisema imejaa."

"Kadi niliirudisha mimi," Stara alisema taratibu. "Asubuhi ile. Niliifunga kwenye kanga, nikairudisha mimi." Bi Joha akamrudishia Nasma simu yake.

"Haya. Ileteni hiyo kamera tuone."

Hapo Stara akakalia lile benchi, juu ya mkoba wa mwanawe. Kamera haikuwepo. Waliirudisha wenyewe dukani, na picha za Lulu tumboni mwake.

Walikwenda dukani wote watatu kwa bajaji moja, ile kamera nyeusi ikiwa mkobani mwa Nasma. Nasma alikaa katikati. Alikuwa akiwaza kwamba kuanzia leo atakuwa yule binti wa picha za Lulu. Stara alikuwa akiwaza hilo hilo, na juu yake anawaza pesa ya samaki. Bi Joha alikuwa akimuwaza mkwewe.

Geofrey alipowaona alisema kabla hawajamwamkia, "Afadhali mmekuja. Namba zenu sikuwa nazo."

"Ile kamera ya waridi," Nasma alianza.

"Nimeiuza. Ilichukuliwa na mama mmoja mtumishi wa serikali, anakaa Nzuguni." Stara akashika kioo cha kabati. "Lakini yule mama alinipigia kesho yake. Aliniuliza mwenye kamera wa kwanza ni nani. Nikamwambia ni mama na binti yake, wa Chang'ombe, jina sijui. Akasema wakija wape namba yangu. Nikamuuliza, mama, ina ubovu? Akasema haina. Nikamwambia ailete niiangalie, akakataa. Akasema hawezi kuipeleka kwa mwanaume."

Bi Joha akafumba macho. "Ameziona," alisema.

"Ameona nini?" Geofrey aliuliza.

"Piga simu, baba," Bi Joha alimwambia. "Usiulize."

Simu ikapigwa, Stara akapewa aongee, akamsogezea Bi Joha. Wote walisikia ile sauti ya upande wa pili, sauti ya mwanamke, lafudhi ya Bukoba.

"Wewe ndiye mama wa bibi harusi?"

"Ndiye mimi."

"Pole sana, mama. Nimekaa roho juu tangu siku ile. Njooni nyumbani, nitawaelekeza. Na tafadhali njooni wanawake."

Nzuguni nyumba bado zinaota. Unakuta geti la chuma linalong'aa, na jirani yake msingi wenye majani. Katika bajaji Bi Joha alianza kupoteza ile imani ya simuni.

"Mtu humjui," alisema. "Ana mume, ana watoto, nyumba ya watu wa ofisini hiyo, kila mtu ana kompyuta yake. Kamera imekaa humo karibu wiki nzima. Unadhani hawajaangalia?"

"Tumuombe Mungu, Mama Lulu," Stara alisema.

"Nimeshamuomba. Sasa naogopa tu."

Getini waliikuta gari ndogo, na mwanaume amesimama na ndoo ya maji na kitambaa. Aliwaamkia kwa heshima. "Karibuni, mama zangu. Mimi Respicius. Mama Brightness yupo ndani anawasubiri. Mimi nimeamriwa kuosha gari mpaka mtakapomaliza."

"Gari mbona safi?" Nasma aliponyokwa.

"Nimeshaiosha mara mbili," Respicius alisema. "Nyie ingieni."

Paskazia, ndilo jina la yule mama, alikuwa mnene wa wastani, amevaa dela, miwani ya kusomea imening'inia kifuani. Alifunga mlango nyuma yao, akashusha pazia, akaenda chumbani akarudi na furushi la kitenge. Alilifungua mezani. Kamera ya waridi ilikuwa ndani, na betri zake zimetolewa na kufungwa kwenye mfuko peke yake.

"Nilinunua kwa ajili ya kipaimara cha binti yangu," alisema. "Brightness, njoo uwasalimie mama zako." Binti wa miaka kama kumi na nne akatoka jikoni, "Shikamooni," akarudi. "Nilipofika nyumbani nikaiwasha nijifunze. Nikabonyeza kitufe cha kuangalia, akatokea binti wa watu. Nikajua papo hapo hii si picha ya mimi kuiona. Mimi nimekaa Tabora na Waislamu, nafahamu. Nikazima. Nikatoa betri, nikaifunga, ikaingia sandukuni, na ufunguo nikavaa shingoni."

"Mume wako je?" Bi Joha aliuliza, na swali lile lilikuwa gumu kama jiwe, lakini aliuliza.

"Mume wangu nilimwambia kuna kitu cha wanawake humo, asikiguse. Alikasirika siku moja. Alisema amenunua kamera asiyoruhusiwa kuiona."

"Na kipaimara?" Stara aliuliza. "Ni lini?"

"Kimepita. Jumapili."

"Mlipiga na nini sasa?"

Paskazia akanyanyua mabega. "Kuna jirani alipiga na simu mbili tatu, zimetoka gizani. Kamera sikuitoa. Wapigapicha wangekuwa wadogo zake baba Brightness, vijana, mkono mmoja unabonyeza hapa mwingine pale. Ningemwambiaje kijana asibonyeze kuangalia?"

"Ungefuta tu, mama," Nasma alisema kwa sauti ndogo. "Ungefuta, kamera ungeitumia. Hakuna ambaye angekulaumu."

"Kufuta ningejifunza. Lakini nilimwona alivyokuwa amekaa pale mkekani, nikasema, hii siku ya mtu haipikwi mara mbili. Siwezi kuifuta mimi."

Nje maji ya Respicius yalimwagika kwenye gari kwa mara ya tatu.

Nasma aliweka betri. Akamwomba Bi Joha kadi, akaiingiza, na safari hii wote wanne waliinamisha vichwa mpaka wakaisikia ikilia. Akatafuta kwenye menyu mahali pa kunakili, kutoka kwenye kamera kwenda kwenye kadi, akamwonyesha Bi Joha kila kitufe kabla ya kukibonyeza. Zilipohamia zote, akafuta za tumboni, akaitoa kadi, akaiwasha kamera bila kadi. Ikaandika kwamba hamna picha. Akamsogezea Bi Joha asome, akamsogezea na Paskazia.

Kisha Bi Joha akataka kuziona kwenye kadi. Aliivuta kamera karibu na uso, akazipitia moja moja, taratibu, Stara na Paskazia wakitazama pembeni kwa adabu.

"Alicheka," Bi Joha alisema. "Mimi nilijua alilia siku nzima. Kumbe huku ndani alicheka." Akajifuta jicho na ncha ya mtandio, akakohoa, akarudi kuwa Bi Joha. "Nasma, nilikumwagisha mkoba wako mbele ya watu. Kesho nitakuja pale uani, na maneno ya kukusafisha nitayasema mbele ya watu wale wale."

"Hamna shida, mama."

"Shida ipo. Usiniambie haipo." Akamgeukia Paskazia. "Gauni la kipaimara liko wapi?"

"Limefuliwa. Lipo kabatini."

"Avae."

"Mama, kipaimara kimeshapita—"

"Mtoto yupo, gauni lipo, mpigapicha yupo na kamera nzuri kuliko hiyo. Kimepita nini? Avae, nami nimtengeneze nywele. Nimepamba maharusi miaka yote, nitashindwa na huyu?"

Ilikuwa ni mara ya kwanza kwa Stara kumwona Bi Joha akiwa amepiga magoti kwa mtu. Alimpigia magoti Brightness, akinyoosha upindo wa gauni jeupe, pini mdomoni, akimwambia asimame vizuri, kidevu juu, asitabasamu kama anaomba chenji. Nasma alipiga na ile kamera nyeusi, kwa kadi ambayo Paskazia alikuwa ameinunua kwa ajili ya kipaimara, kwanza sebuleni, halafu nje ukutani penye mwanga. Respicius akaitwa. Alikuja na suruali imelowa mpaka magotini, Bi Joha akamrudisha akabadilishe. Akarudi na koti, wakapigwa familia nzima.

Walipotaka kuondoka Paskazia alikataa watoke na midomo mikavu. Alileta chai na kisahani cha senene waliokaangwa, wa kutoka kwao.

Bi Joha alikitazama kile kisahani. "Hawa si panzi?"

"Senene, mama. Onja mmoja tu."

Bi Joha aliona watu wote wanamtazama. Alichukua mmoja, akafumba macho, akatafuna. "Kama dagaa," alisema baada ya kumeza, "aliyesoma." Respicius alicheka mpaka akaweka kikombe chini, na Stara, kwa mara ya kwanza tangu asubuhi, akasikia njaa.

Kwenye bajaji ya kurudi simu ya Bi Joha iliita. Alikuwa yule mwanamke wa harusini, yule wa kipeni uji. Habari za uani zilikuwa zimeshamfikia.

"Eti, Mama Lulu, nasikia picha za mwanao zimepotea? Na mimi nilikuwa nataka kumwita yule binti kwenye shughuli yetu. Nimuache?"

Stara akaushika mkono wa Nasma.

"Picha zangu ziko kwenye pochi yangu," Bi Joha alisema. "Mwite. Na umwahi, maana na mimi namtaka kwenye ile ya mpwa wangu." Akakata simu, akaifunga pochi, akatazama barabara kana kwamba hajasema kitu.

Haya, wanawake wenzangu. Namba kubwa mbele ya kamera isiwadanganye. Muulizeni muuzaji betri, muulizeni mwanga, na muulizeni kamera inaweka picha wapi kadi isipokaa sawa. Kabla hujairudisha dukani au kumpa mtu, itoe kadi, iwashe, uitazame tumboni. Si kila kamera itaangukia mkononi mwa mtu kama yule. Stara alibahatika, na bahati haipangwi.

Walipofika nyumbani jua lilikuwa limeshapinda na adhana ya alasiri imekwisha. Swedi alikuwa amerudi, ananuka perege, akauliza mbona wote mna macho mekundu. Stara akamwambia atamweleza akishaswali. Alitia udhu, akatandika msala, halafu akamwita Nasma kutoka uani.

"Yule mama anaitwa nani vile?"

"Paskazia."

"Pasi…"

"Paskazia, mama. Pa-ska-zia."

Stara alilirudia jina lile akiwa amesimama juu ya msala, mara moja, na ya pili, na ya tatu, mpaka likakaa vizuri kwenye ulimi. Hakutaka alikosee mbele ya Mungu.